Kaka yangu ana CML, dawa ilimshusha chembe vizuri, sasa zinapanda tena. Dawa imegoma au kuna kingine?

#1 Kibirizi Usiku

Habari zenu wanajukwaa. Naomba tusaidiane mawazo, hasa wenye uzoefu.

Kaka yangu mkubwa ni mvuvi wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Aligundulika na CML, ile saratani ya damu inayokwenda polepole, baada ya kuhangaika sana na bandama. Chembe nyeupe zilikuwa zimepita laki tatu, wakati mtu mzima wa kawaida hazizidi elfu kumi na moja hivi. Akapelekwa Ocean Road, hospitali ya saratani Dar, akaanzishiwa dawa ya imatinibu miligramu 400 kwa siku. Bandama likanywea, chembe zikashuka, akarudi ziwani kama kawaida.

Kipimo cha mwisho chembe ni 38,000. Daktari alipompapasa akalikuta bandama limejitokeza tena chini ya mbavu. Akachora kwa kalamu ya wino pale linapoishia, akapima na futi ya fundi cherehani toka ubavuni: sentimita saba. Mstari ule bado uko tumboni, na kila anayekuja kumjulia hali anafunuliwa shati auone.

Nyumbani wote wanasema mwili umeizoea dawa. Mimi siamini hivyo. Zamani alikuwa anapewa ya boksi moja, sasa anapewa za kampuni nyingine, na hali yake ilianza kubadilika baada ya boksi kubadilika. Ukweli ni upi?

#2 Mwanga Sokoni

Pole sana mkuu. Mwili kuzoea dawa ni kweli kabisa. Klorokwini ilikuwa inamaliza malaria, ikafika mahali haifanyi kitu, mwaka 2001 serikali ikaiacha. Ndiyo hivyohivyo.

#3 Darubini

Mkuu Mwanga Sokoni, mfano wako ni mzuri ila umeugeuza. Mwili haukuizoea klorokwini, kimelea ndicho kilichobadilika. Ndiyo maana hata mtoto ambaye hajawahi kuionja maishani haikumponya. Na CML iko hivyo: inayobadilika ni seli ya saratani, siyo mwili wa mgonjwa.

Niko Tabora, kazi yangu ni maabara, nieleze kwa ufupi kabla zamu haijanibana. Ugonjwa huu unaanza pale kromosomu namba 9 na namba 22 zinapokatika na kubadilishana vipande. Jeni mbili ambazo hazikuwa jirani, BCR na ABL, zinaungana na kutoa protini isiyojua kuzima. Usiku na mchana inaiamrisha seli ijigawe. Protini hiyo ina kijishimo inamochukulia nguvu. Imatinibu inaingia mle, inakaa, na protini inanyamaza. Usugu unaojulikana zaidi ni pale sehemu ndogo ya jeni inapobadilika na kile kijishimo kikabadilika umbo. Dawa inafika salama, ila haina pa kukaa.

#4 Mlinzi wa Reli

Hii si ndiyo inaitwa kromosomu ya Philadelphia? Waliigundua 1973 kama sikosei.

#5 Darubini

Ni 1960. Peter Nowell na David Hungerford waliiona pale Philadelphia, kromosomu fupi kuliko kawaida. Mwaka 1973 ni wa Janet Rowley, yeye ndiye aliyeonyesha kwamba kile kipande hakikupotea, kilibadilishana na cha namba 9. Dawa yenyewe imekuja kuidhinishwa Marekani 2001, na mwaka huohuo watafiti wakachapisha kwamba kwa baadhi ya wagonjwa protini imeshabadilika na dawa haishiki.

#6 Mama Nuru

Mwenye uzi, pole sana. Mimi ni mgonjwa wa CML, niko Ujiji, imatinibu ndiyo naamka nayo. Kabla hamjaenda mbali na mambo ya kromosomu, naomba nikuulize: kaka anaimeza saa ngapi, na anaimeza na nini?

Hii dawa usiichukulie kama panadol. Ukiimeza tumbo tupu inakuchoma na unatapika. Lazima uwe umekula, na maji glasi nzima kubwa. Asubuhi unaamka macho yamevimba kama umelia usiku kucha. Misuli ya miguu inakakamaa usiku hadi unasimama kitandani. Sasa mtu anayelala kitandani anasumbuka hivyo, mvuvi wa dagaa je, anayeingia ziwani jua likizama na kurudi alfajiri?

#7 Kibirizi Usiku

Asante Mama Nuru. Anaimeza jioni baada ya kula, kabla ya kuingia ziwani. Shemeji anasema ziwa likichafuka huwa anatapika. Na wakihamia kambi za mbali kipindi cha giza, anachukua vidonge vichache kwenye kimfuko, chupa inabaki nyumbani kwa kuogopa isidondokee majini. Ila anasema anameza.

#8 Nesi wa Kasulu

Hapo Mama Nuru amegusa penyewe.

Kuna utafiti ulifanyika hospitali ya Hammersmith, London, ukachapishwa 2010. Wagonjwa 87 wa CML walipewa chupa zenye kifuniko chenye kifaa kinachorekodi kila kinapofunguliwa. Baada ya miezi mitatu wakaangalia. Waliomeza zaidi ya asilimia 90 ya dozi, nafasi ya ugonjwa kushuka hadi kiwango kinachotakiwa ilikuwa karibu asilimia 95. Waliokuwa chini ya hapo, nafasi ilikuwa asilimia 28 tu. Na asilimia 90 maana yake ni kukosa siku tatu tu kwa mwezi. Ukitapika muda mfupi baada ya kumeza, piga hesabu mwenyewe mara ngapi kwa mwezi ziwa linachafuka.

Kwa hiyo mimi kabla ya kusema dawa imegoma ningehesabu vidonge vilivyobaki kwenye chupa.

#9 Kibirizi Usiku

Kaka yangu si mzembe jamani. Mtu aliyenusurika na bandama lililofika kitovuni hawezi kuchezea dawa.

#10 Mama Nuru

Hakuna aliyemwita mzembe mwanangu. Mimi mwenyewe kuna kipindi kituo nilichokuwa nachukulia, sitakitaja, kiliishiwa. Nikaambiwa nirudi mwezi ujao. Nauli ya treni na pa kulala huko ndivyo vilivyonishinda, nikawa nameza siku moja naacha moja ili zisikate kabisa. Kipimo kikapanda. Watu nyumbani wakasema maneno hayohayo, mwili umezoea. Dawa iliporudi nikameza kila siku, kikashuka tena na bado kiko chini. Ingekuwa seli zimebadilika, zingeshuka?

Kwa hiyo ninaposema kumeza, simlaumu mtu. Nasema tu kwamba maisha yetu huku yanaingia katikati ya mgonjwa na kidonge chake.

#11 Mfamasia Gungu

Nijibu hoja ya boksi, maana ndiyo swali la mwenye uzi na wote mmeiruka.

Glivec ndiyo imatinibu ya kwanza, ya kampuni ya Novartis. India mahakama ya juu kabisa ilikataa kuipa hataza mwaka 2013, na viwanda vya kule viliendelea kutengeneza imatinibu ya jeneriki kwa bei ya chini. Dawa ni ileile, kiasi ni kilekile, na zinazoingia nchini kihalali zinapitia TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Tafiti nyingi za kulinganisha zimeonyesha mgonjwa akibadilishiwa kwenda jeneriki hapotezi kitu. Kwa hiyo boksi kubadilika peke yake si ushahidi.

LAKINI sitaki nikukatie tamaa kwamba umeota. Dawa bandia za saratani zipo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Iclusig ya bandia, dawa ya hii hii CML tena ya wagonjwa sugu, na ndani yake ilikutwa parasetamoli. Kama kaka anachukua dawa hospitali, wasiwasi wangu ni mdogo. Kama aliwahi kununuliwa mtaani au kuletewa na mtu kutoka ng'ambo ya ziwa, hilo ni jambo jingine.

Halafu hicho kimfuko. Imatinibu inatakiwa ikae chini ya nyuzi 30, pakavu. Ikilala kwenye mfuko wa suruali ndani ya mtumbwi, na jasho na maji ya ziwa, mimi siwezi kukuhakikishia ubora wake.

#12 Mwanga Sokoni

Shukrani Darubini na Mfamasia, klorokwini nimeielewa sasa.

#13 Mnyamwezi wa Ipuli

Mwangaluka ndugu zetu wa mwisho wa reli. Mmemsimamisha mvuvi wa watu kizimbani bila kumuuliza swali la maana: anatumia dawa gani NYINGINE?

Baba yangu mdogo yuko Urambo, mkulima wa tumbaku. CML ilishatulia kabisa, akapata kifua kikuu. Akaanzishiwa dawa za TB, zile zenye rifampisini, mkojo ukawa wa rangi ya chungwa kama kawaida yake. Baada ya muda chembe nyeupe zikaanza kupanda. Kila mtu akaogopa kwamba saratani imekuwa sugu. Kumbe rifampisini inaamsha vimeng'enya vya ini vinavyovunja imatinibu, inavunjwa kabla haijafanya kazi. Daktari alituambia kiasi kinachobaki kwenye damu kinaweza kushuka kwa zaidi ya theluthi mbili. Wakampandishia dozi ya imatinibu mpaka alipomaliza TB, mambo yakatulia.

Mzee alikuwa anameza zote, kwa wakati, bila kuruka. Sasa hapo kosa la nani?

#14 Uvinza Chumvi

Mnyamwezi leo ameandika aya tatu bila kutaja asali, tumshukuru Mungu 😄

#15 Mnyamwezi wa Ipuli

Asali inakuja, nyie leteni migebuka kwanza. Mliniahidi tangu ule uzi wa MV Liemba hadi leo sijaona hata mkia.

#16 Mfamasia Gungu

Alichosema Mnyamwezi ni sahihi na si rifampisini peke yake. Dawa za kifafa, fenobabito, fenitoini na kabamazepini, zinafanya kazi hiyohiyo ya kuamsha ini. Baadhi ya ARV za zamani kama efavirenzi nazo zimo, ingawa siku hizi wengi wapo kwenye dolutegraviri ambayo haina tatizo hilo. Upande wa pili kuna vinavyolizubaisha ini mpaka dawa izidi kwenye damu: ketokonazo ya fangasi, na tunda la balungi.

Na dawa za miti shamba. Hapo sina la kumwambia mtu maana kwenye chupa hakuna maandishi. Mwambie kaka amwonyeshe daktari kila anachokunywa, hata kama ni unga wa kuchanganya na uji.

#17 Babu wa Bangwe

Wanangu nawasalimu. Nimesoma yote, mnaongea vizuri. Lakini msisahau kwamba sisi tumelijua bandama kabla ya hospitali. Zamani mtoto akiwa na bandama anachanjwa chale juu yake, anapakwa dawa, linarudi. Na mvuvi anayepata kuliko wenzake ana macho mengi juu yake. Mimi sipingi hospitali. Nasema na nyumbani paangaliwe.

#18 Nesi wa Kasulu

Shikamoo babu. Kwa heshima zote, naomba nilisemee hili kwa sababu nimelishuhudia wodini.

Bandama la CML linajaa damu na linakuwa na ngozi nyembamba. Kulikanda kwa nguvu au kulichua kunaweza kulipasua, na likipasuka mgonjwa anavuja damu kwa ndani na anaweza kufa kabla ya kufika hospitali. Chale nazo kwa mtu ambaye damu yake haiko sawa zinaleta kutokwa damu kusikokoma na maambukizi. Tulipokea kijana kutoka moja ya vijiji vyetu ana chale mpya ishirini na kitu zinachuruzika, na chini yake bandama limekaza kama limefungwa kamba. Dua na wazee wa ukoo, sawa. Mkono wa mtu usiguse tumbo.

Halafu mwenye uzi, nina swali ambalo hakuna aliyeuliza. Kigoma ni mkoa wa malaria. Kaka alipimwa malaria siku ile? Ana homa, kidonda, kikohozi? Malaria ya kujirudia inavimbisha bandama hata kwa asiye na saratani, na maambukizi ya bakteria yanapandisha chembe nyeupe. Inawezekana kabisa hapa hatuzungumzii usugu.

#19 Darubini

Nesi, kwa bandama nakubali. Kwa chembe 38,000 sikubali. Malaria yenyewe kwa kawaida haizipandishi hivyo, na maambukizi ya bakteria ya kufikisha namba hiyo mgonjwa angekuwa hoi, si wa kufunua shati mbele ya wageni.

Lakini tunabishana gizani. Picha kamili ya damu haitoshi kwenye ugonjwa huu. Kinachotakiwa ni kipimo cha PCR cha BCR-ABL, kinachohesabu ile jeni kwa asilimia. Mgonjwa mpya anayemeza vizuri anategemewa awe amefika asilimia 10 au chini ya hapo kwa miezi mitatu, asilimia 1 kwa miezi sita, na 0.1 kwa mwaka mmoja. Aliyefika chini halafu akapanda ni habari tofauti na ambaye hakuwahi kufika. Mwenye uzi, kaka aliwahi kupimwa hicho? Alifika ngapi?

Na niseme kitu kinachoniuma. Mashine ya GeneXpert, hii tunayopimia makohozi ya TB kila siku, inaweza kupima BCR-ABL. Mashine ni ileile, inayobadilika ni katriji, kile kichupa cha plastiki chenye kemikali kinachowekwa sampuli. Majibu saa chache tu. Mashine zimejaa mikoani, lakini mgonjwa wa Kigoma bado anasafiri na damu yake hadi mikoa mingine kwa sababu ya katriji. Siku katriji hizo zikianza kuja huku kwa uhakika, nusu ya maswali ya uzi huu yatajibiwa asubuhi hiyohiyo.

#20 Kibirizi Usiku

Hicho kipimo alipimwa Dar mara ya kwanza, na kingine baadaye. Kwenye karatasi ya pili imeandikwa 0.4. Sikuwa najua maana yake, asante. Malaria alipimwa, hana. Homa hana.

#21 Kijana wa Heru Juu

Mbona mnahangaika? Wambadilishie dasatinibu. Hiyo ni kiboko, inavunja usugu wote.

#22 Mfamasia Gungu

Siyo wote kijana. Ilikuja 2006, ina nguvu kweli, na inashinda mabadiliko mengi ya jeni yanayoishinda imatinibu. Lakini kuna badiliko moja linaitwa T315I. Kwenye nafasi ya 315 ya protini, asidi amino iitwayo threonini inatoka na nafasi yake inakaa isoleusini, ambayo ni nene zaidi na inaziba mlango wa kile kijishimo alichokieleza Darubini. Hapo imatinibu, dasatinibu, nilotinibu na bosutinibu zote zinagota. Dawa iliyotengenezwa kupenya hapo ni ponatinibu ya 2012, na ina hatari yake ya kugandisha damu kwenye mishipa. Ya 2021 inaitwa asiminibu, yenyewe haijaribu hata kuingia mle, inaishika protini sehemu nyingine kabisa.

Kila dawa ina masharti yake. Dasatinibu inaweza kujaza maji kuzunguka mapafu, na mtu anayemeza omeprazo kila siku kwa ajili ya vidonda vya tumbo atakuwa anaizuia isinyonywe. Nilotinibu inamezwa mara mbili kwa siku na tumbo tupu, kinyume kabisa cha imatinibu. Mvuvi aliyezoea kula ndipo ameze, akibadilishiwa bila kuelezwa, kuna kazi.

Ndiyo maana kubadilisha dawa kwa kubahatisha hakufai. Kwanza kipimo cha kusoma jeni, kuona kama imebadilika na wapi.

#23 Mlinzi wa Reli

Kipimo hicho kinafanyika wapi? Maana tukisikia "jeni" tunajua ni safari ya Dar, na hiyo SGR bado haijatufikia.

#24 Mnyamwezi wa Ipuli

Mimi nina lingine. Darubini amesema seli inabadilika, sawa. Daktari wa baba mdogo alitueleza kwamba kuna seli mama za saratani zilizojificha ndani ya uloto, zimelala, hazigawanyiki. Imatinibu inazinyamazisha zinazofanya kazi, hizi zilizolala haiziui. Ni kama ndago shambani: unapalilia juu panakuwa peupe, kile kitunguu chake kiko chini kinakusubiri uchoke. Ndiyo maana ukiacha dawa inarudi, bila jeni yoyote kubadilika.

Kwa hiyo yawezekana kaka wa mwenye uzi hana usugu wowote. Ni ndago tu imepata nafasi siku ziwa lilipochafuka.

#25 Darubini

Ndago nimeipenda na nitaiiba. Ila haijamaliza mjadala. Ufaransa walifanya utafiti wa kuwaachisha dawa kwa makusudi wagonjwa ambao ugonjwa wao haukuonekana kabisa kwenye PCR kwa miaka miwili au zaidi. Majibu yakatoka 2010: karibu 40 kati ya 100 ugonjwa haukurudi, wengine ukarudi, wengi ndani ya miezi sita, na waliporudishiwa dawa ukashuka tena. Kwa hiyo kuna watu ambao seli zilizobaki zimeshindwa kuamka. Kwa nini kwao na si kwa wengine, bado ni ubishi mkubwa.

Na asije mtu akasoma hapa akaacha dawa. Hao walikuwa wanapimwa kila mwezi.

Kuna njia nyingine hamjazitaja. Seli inaweza kuwa na pampu kwenye ngozi yake zinazoitoa dawa nje, au ikapunguza milango ya kuiingizia. Inaweza kuzidisha nakala za BCR-ABL mpaka dozi ya 400 isitoshe. Inaweza kutafuta njia nyingine kabisa ya kujigawa isiyotegemea BCR-ABL, hapo hata ukiizima protini haisaidii.

#26 Nesi wa Kasulu

Au ugonjwa umepanda hatua. Hilo ndilo ninaloliogopa mimi kuliko yote. CML ikitoka hatua ya polepole kwenda hatua ya kasi, seli changa zinaongezeka kwenye damu, bandama linapanda, na dawa iliyokuwa inatosha haitoshi tena. Mwenye uzi, kwenye karatasi ya picha ya damu angalia kama wameandika asilimia ya seli changa na ya basofili, aina mojawapo ya chembe nyeupe. Usituwekee karatasi hapa, mpelekee daktari na umuulize hilo swali moja kwa moja.

#27 Mlinzi wa Reli

Na kupandikiza uloto je? Dodoma pale Benjamin Mkapa wamewafanyia watoto wenye selimundu. Si na huyu apelekwe?

#28 Kibirizi Usiku

Mimi na yeye ni tumbo moja. Kama inatakiwa ya kwangu, waichukue hata kesho.

#29 Darubini

Mungu akubariki ndugu. Kwa ndugu wa baba na mama mmoja nafasi ya kulingana ni moja ya nne, kwa hiyo wakiwa wengi tumboni inasaidia. Lakini upandikizaji wenyewe unaweza kumuua mgonjwa, na tangu imatinibu ije umesogezwa nyuma kabisa. Ule utafiti mkubwa wa mwanzo wa watu 1,106, walioanza na imatinibu zaidi ya 80 katika 100 walikuwa hai baada ya miaka kumi. Huwezi kumtoa mtu huko na kumpeleka kwenye upandikizaji kabla hujajua kama dawa inamfikia.

#30 Uvinza Chumvi

Uzi huu nimeuhifadhi. Wifi yangu ana tatizo la damu ila wanasema la kwake ni la ghafla, siyo hili la polepole. Yaliyoandikwa yanamhusu?

#31 Nesi wa Kasulu

Kama ni lukemia ya ghafla, matibabu ni tofauti sana. Wachache wao nao wana kromosomu hii hii, hao hupewa dawa za jamii hii pamoja na kemo. Fungua uzi wako tukusaidie vizuri.

#32 Kibirizi Usiku

Nimerudi na mrejesho.

Nilikaa na kaka na shemeji, tukamimina chupa kwenye sinia la kupepetea mchele tukahesabu pamoja. Vidonge vilivyobaki ni vingi kuliko inavyotakiwa, lakini si vingi vya kusema alikuwa ameacha. Ni vile vya kambini. Kimfuko nilikiona: vidonge vimeshikana, rangi imefifia pembeni. TB hana, kifafa hana. Omeprazo anameza. Na kuna unga wa mizizi ameletewa na rafiki yake wa Kalya, anaweka kwenye uji asubuhi "kuongeza damu", ameanza kipindi kilekile boksi lilipobadilika.

Daktari amechukua damu kwenye chupa zile za kifuniko cha zambarau, imewekwa kwenye boksi la barafu inakwenda kupimwa BCR-ABL. Ikiwa juu, ataomba wasome na jeni. Ameandika pia wapime seli changa.

#33 Mfamasia Gungu

Omeprazo kwa imatinibu haina shida, ingekuwa dasatinibu ningepiga kelele. Mimi huo unga wa mizizi ndio ninaouwekea alama. Asimamishe leo, na aupeleke kwa daktari, asiutupe. Namba ya toleo iliyo kwenye boksi jipya iandike mpe mfamasia wa hospitali.

#34 Mnyamwezi wa Ipuli

Tarehe za unga na tarehe za boksi zimelingana, kwa hiyo hata chembe zikipanda au kushuka hutajua kilichosababisha ni kipi. Na bado ndago yangu iko palepale.

#35 Darubini

Na badiliko la jeni bado liko palepale. Aliyewahi kufika 0.4 halafu akapanda hadi bandama kuonekana, mimi siwezi kuliondoa mezani kwa sababu ya vidonge vya kambini. Dozi ya kurukaruka yenyewe inaipa seli iliyobadilika muda wa kuota. Vinaweza kuwa vyote viwili.

#36 Mama Nuru

Wakati mnasubiri majibu: ahamishe kumeza. Mchana akishalala na kuamka, akala ugali wake, hapo yuko nchi kavu, tumbo limejaa, hakuna mawimbi. Mimi mchana ndiyo saa yangu. Na ya kambini ibebwe kwenye chupa yake yenye kifuniko, ifungwe ndani ya ndoo ya chakula. Shemeji amsimamie, wavuvi nawajua.

#37 Kibirizi Usiku

Ameanza jana mchana. Amelalamika ila amemeza. Majibu yakija nayaweka hapa.

#38 Tumbaku Kaliua

Samahani kuingilia. Mke wangu ana CML anatumia imatinibu na tumegundua ni mjamzito, miezi miwili. Anataka kuacha dawa mwenyewe. Tufanyeje?

#39 Mama Nuru

Asiache kimyakimya na asiendelee kimyakimya. Imatinibu inaweza kumdhuru mtoto, hasa miezi hii ya mwanzo, na kuacha bila uangalizi ugonjwa unaweza kupanda. Madaktari wana njia, kuna interferoni wanayoitumia kwa wajawazito. Mpeleke kwa daktari wake kesho asubuhi na karatasi zake zote, ukirudi tuandikie.